Sidiria ya kunyonyeshea na maziwa yanayovuja: kuchagua, kushona na kukaa mkavu katika joto la Tanga

Siku ya tatu au ya nne baada ya kujifungua maziwa huingia kwa kishindo, na ile sidiria iliyokutosha vizuri ulipokuwa na mimba ya miezi minane inageuka kamba. Alfajiri, kabla mtoto hajanyonya, matiti yamejaa hadi kwapani. Akishamaliza, upande mmoja umelegea na wa pili bado unadondosha. Ikifika wiki ya sita mambo yametulia, na ile kubwa uliyoinunua kwa hofu inapwaya. Kwa hiyo anayeuliza "nivae saizi gani?" ameuliza maswali matatu kwa pamoja, kila moja na wakati wake.

Tanga kuna jambo jingine juu ya hilo, nalo ni unyevu. Sidiria iliyoloa maziwa ukiwa Lushoto itakutia baridi tu. Ikiloa ukiwa Ngamiani mwezi wa pili, jasho likaongezeka, kabla ya adhuhuri una harufu ya maziwa yaliyochacha na ngozi imeanza kuwasha chini ya ziwa. Karibu matatizo yote ya nguo kwa mama anayenyonyesha huku pwani yanatokana na ubano au ubichi. Ukiviepuka hivyo viwili, urembo na bei utachagua mwenyewe.

Ununue lini, na ngapi

Kabla ya kujifungua, kuanzia wiki ya 36, nunua mbili tu za pamba laini inayovutika, zisizo na waya wala sponji. Hizi ni za siku za mwanzo, na ni za kulalia pia. Usinunue seti nzima wakati huu hata muuzaji akikupunguzia, kwa sababu hakuna anayejua maziwa yako yatajaa kiasi gani.

Kati ya wiki ya pili na ya sita, ukiona ujazo umeanza kuwa na mpangilio, pima upya, kisha nunua zile za kutokea. Kwa mji wenye joto, tatu ni chache: moja mwilini, moja kwenye maji, moja kambani, na siku ya mvua umekwama. Nne zinatosha. Zaidi ya hapo ni matumizi, si lazima.

Chagua yenye kulabu safu tatu au nne mgongoni. Mwisho wa mimba mbavu zimetanuka, na baada ya kujifungua zinarudi polepole. Unayonunua mimba ikiwa kubwa ikutoshe kwenye kulabu ya nje kabisa, iliyolegea kuliko zote, ili baadaye uwe na pa kuikazia. Ukianza na ya ndani, mwezi mmoja tu lastiki ikichoka huna pa kwenda.

Kupima kwa futi

Tumia futi ya fundi cherehani, upande wa sentimita. Simama wima, toa pumzi, zungusha futi chini tu ya matiti, ilale sawa mgongoni bila kupanda. Andika namba. Kisha zungusha pale palipojaa zaidi, bila kukaza, na uandike ya pili. Pima mtoto akiwa anakaribia kunyonya, si mara tu baada ya kunyonya, maana sidiria inatakiwa itoshe saa mbaya.

Tuseme chini umepata 83 na juu 102. Ya chini unaikaribisha kwenye namba ya karibu inayogawanyika kwa tano, yaani 85, na ukiwa katikati kabisa panda juu. Tofauti ya 83 na 102 ni 19. Kwa vipimo vya Ulaya, tofauti ya sentimita 12 hadi 14 ni A, 14 hadi 16 ni B, 16 hadi 18 ni C, 18 hadi 20 ni D, 20 hadi 22 ni E. Wewe ni 85D. Kama bado una mimba, ongeza herufi moja kwa ajili ya maziwa yanayokuja.

Sasa lebo, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Sidiria nyingi mpya madukani zimeandikwa namba mbili pamoja: 34/75, 36/80, 38/85, 40/90. Ile 38 si inchi 38 za mbavu zako. Inchi 38 ni karibu sentimita 97, na wewe umepima 83. Ni namba ya mazoea ya viwanda, inayokaa sambamba na 85. Viwanda vingine, hasa vinavyofuata mtindo mpya wa Uingereza, huandika inchi halisi za mbavu, kwa hiyo 38 yao inaweza kukupwaya vibaya. Lebo ikiwa na sentimita, zifuate hizo na inchi ziache. Ukiletewa mzigo na jamaa aliye Ufaransa, toa 15: 100 ya kule ndiyo 85 yako. Herufi za vikombe nazo hutofautiana kiwanda kwa kiwanda, kwa hiyo usiziamini mpaka uvae.

Ukitaka kujaribu, sokoni Mgandini au kwenye duka la barabarani hakuna chumba cha kubadilishia. Nenda umevaa fulana nyembamba inayobana chini ya baibui au deira, uombe kwa heshima, "Dada, naomba niijaribu juu ya fulana." Muuzaji mwanamke mara nyingi atakushikia kanga iwe pazia. Ukishaivaa, kagua mambo machache. Inua mikono yote miwili: mkanda wa chini usipande. Pitisha vidole viwili kati ya mkanda na mbavu: vipite, lakini visicheze. Uzito ubebwe na huo mkanda, si kamba za begani; kamba zikiacha mfereji begani, mkanda umelegea mno au kikombe ni kidogo. Ukingo wa kikombe usikate nyama kwapani. Mwisho, fungua kibanio kinachoshika kikombe kwenye kamba ya bega, kwa mkono mmoja, wa kushoto na wa kulia, mara kadhaa. Mkono mwingine utakuwa na mtoto anayelia, na kibanio kinachohitaji mikono miwili utakichukia siku ya kwanza.

Waya uuache, angalau miezi miwili ya mwanzo. Ziwa linalojaa na kupungua halina umbo moja, lakini waya una umbo moja tu, na unapokandamiza sehemu ileile kutwa nzima, maziwa ya hapo hayatoki vizuri, panavimba, panauma. Sidiria ya mazoezi inayobana kifua chote ina ubaya uleule. Sponji nene haibani, ila inanyonya jasho na maziwa na haikauki hata ukiianika toka asubuhi.

Kuhusu mitumba, tuseme ukweli. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limekataza uuzaji wa nguo za ndani za mitumba, sidiria zikiwemo, kwa sababu ya magonjwa ya ngozi. Zinaonekana sokoni hata hivyo, na mama asiye na fedha anaziangalia kwa sababu ndizo zenye vibanio vya kunyonyeshea. Lakini hata ukiacha sheria, lastiki ya mtumba imeshazeeka. Ivute mkanda uone: inaenda, hairudi. Njia nafuu na safi zaidi ni sidiria mpya ya kawaida ya pamba, isiyo na waya, halafu fundi.

Kumpelekea fundi sidiria ya kawaida

Kazi hii fundi yeyote wa deira anaiweza akielezwa vizuri, na wewe mwenyewe unaweza kwa sindano ya mkono. Kinachowashinda wengi ni kudhani inatosha kukata kamba na kuweka kifungo. Ukifanya hivyo, kikombe kikishuka kamba inakimbilia mgongoni, na unabaki kuitafuta kwa mkono mmoja. Lazima kuwe na utepe wa ndani unaoishikilia kamba mahali pake kikombe kikiwa chini.

Nunua sidiria ya pamba yenye kikombe kikubwa kwa herufi moja kuliko kipimo chako, maana pedi ya kunyonya maziwa yanayovuja nayo inataka nafasi. Nunua utepe wa pamba usiovutika, upana wa sentimita moja na nusu hadi mbili; nusu mita inatosha pande zote mbili.

Vaa sidiria, utie alama ya chaki pale kamba ya bega inapokutana na kikombe. Vua. Pima kutoka kwenye alama, ukifuata ukingo wa upande wa kwapani, hadi kwenye mkanda wa chini. Wengi hupata sentimita 18 hadi 22. Kata utepe wa urefu huo na uongeze 3 za kukunja ncha, ili usifumuke. Fumua mshono wa kamba kwa ncha ya wembe badala ya kukata kitambaa. Shona ncha moja ya utepe kwenye mwisho wa kamba, na ncha ya pili kwenye mkanda wa chini, upande wa ndani, karibu na kwapa. Kwenye kiungo cha kamba na utepe weka kitanzi, na juu ya kikombe weka kibanio. Vibanio vizuri hupatikana kwenye sidiria kuukuu ya kunyonyeshea. Ukikosa, kifungo bapa cha sentimita moja na kitanzi cha uzi mzito vinatosha. Chagua cha plastiki: cha chuma hupata kutu kwa jasho la chumvi na kuacha doa la kahawia lisilotoka. Pini usiweke kabisa, hata kwa siku moja. Uso wa mtoto uko hapo.

Utepe usiwe wa lastiki. Lastiki hapo hunyoshwa na uzito wa ziwa, kamba inateleza, na mwishowe utepe unalikata ziwa katikati. Ukimaliza, vaa na ushushe kikombe. Upenyo uwe mpana kiasi cha kiganja, na sehemu ya chini ya ziwa iwe wazi kabisa. Utepe ukionekana unapita juu ya ziwa lenyewe, ufumue na usogeze ncha ya chini kuelekea kwapani kwa sentimita mbili. Upenyo mwembamba ndiyo kasoro ya sidiria nyingi hata za dukani: ziwa linasukumwa mbele kama limebanwa na pete, mtoto ananyonya ila maziwa ya pembeni yanabaki.

Kwa nini yanavuja

Mwili hutengeneza maziwa kwa homoni moja na huyasukuma nje kwa nyingine. Hii ya pili, oksitosini, haimsubiri mtoto ashike chuchu. Inaitika sauti yake, harufu yake, wakati mwingine kumfikiria tu. Ndiyo maana mtoto wa jirani akilia ndani ya daladala, kifua chako kinasisimka na nguo inaloa. Na kwa sababu oksitosini inapita kwenye damu, inafika matiti yote mawili kwa pamoja: mtoto akiwa kulia, kushoto nako kunadondosha.

Wiki za mwanzo mwili haujajua mtoto anahitaji kiasi gani, unatengeneza kwa kubahatisha. Wengi huona uvujaji unapungua kati ya wiki ya 6 na ya 10, wengine huendelea mpaka mwisho. Wapo wasiovuja hata tone toka siku ya kwanza, na maziwa yao yanatosha. Kuvuja si kipimo cha wingi wa maziwa. Kipimo ni mtoto kukojoa mara kwa mara na kuongezeka uzito kliniki. Dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, nayo inaweza kutoka kabla ya kujifungua, hata mimba ikiwa ya miezi minne au mitano, bila tatizo lolote.

Ukihisi msisimko uko mbele za watu, kunja mikono kifuani na ukandamize chuchu moja kwa moja kuelekea mbavuni, kwa kiganja au sehemu ya mkono iliyo juu ya kifundo, kwa dakika moja. Mtu wa pembeni ataona umekunja mikono tu. Usiifanye kila saa katika wiki za mwanzo, maana maziwa yanayozuiwa mara kwa mara hujaza na kuumiza. Ni njia ya arusini na foleni ya benki. Nyumbani acha yatoke.

Kinachosaidia kuliko mbinu zote ni kutopitisha saa ya kunyonyesha. Mtoto wa arobaini hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Ukitaka kwenda Makorora na kurudi, nyonyesha ukiwa tayari umevaa, ndipo utoke.

Pedi za kanga kuukuu

Pedi za kutupa zipo katika baadhi ya maduka ya dawa, ni nyepesi na zinafaa safarini. Tatizo ni gharama ya kila siku na ile plastiki ya nyuma, ambayo katika joto letu huipika chuchu. Zibadilishe kila zikiloa, usingoje zijae. Pedi ya hedhi iliyokatwa nusu haifai: ukishaikata, vile vichembe vinavyonyonya maji vinamwagika na kumgandia mtoto mdomoni.

Za kushona ndizo zinazotufaa, na malighafi iko kabatini. Kanga kuukuu iliyofuliwa miaka mingi hunyonya maji kuliko mpya, kwa sababu kanga mpya bado ina uwanga wa kiwandani na maziwa yanateleza juu yake. Kama huna ila mpya, ifue mara nne au tano kwanza. Kanga moja hutoa pedi nyingi kuliko utakavyohitaji. Jina la kanga likikatwa halisomeki tena, lakini ziwa halijui kusoma.

Kata duara za sentimita 12; sahani ndogo ya kikombe cha chai hukaribia kipimo hicho. Mwenye matiti makubwa akate za 14. Kila pedi ina tabaka nne: ya kugusa ngozi ni fulana ya pamba iliyochakaa, laini kabisa, mbili za katikati ni taulo nyembamba au flaneli, ya nje ni kanga, upande wenye rangi nyeusi au maua mengi ukitazama nje. Tabaka sita hazisaidii zaidi, zinachelewa tu kukauka na zinaonekana chini ya deira kama vifuniko vya sufuria.

Pedi bapa hukunjamana na kuhama. Ili ikae, kata mstari mmoja kutoka ukingoni hadi katikati ya duara kupitia tabaka zote, sogeza ncha zipandane kwa sentimita mbili, ushone. Inapata umbo la kawa dogo, na chuchu inakaa kileleni bila kusuguliwa. Shona ukingo wote kwa mshono wa nyoka wa cherehani, au kwa mkono ukizungusha uzi kwenye ncha. Nailoni usiweke katikati, hata kama inazuia kulowa. Unachokizuia kutoka nje kinabaki kwenye ngozi.

Idadi: wiki za mwanzo unabadilisha mara nne hadi sita kwa siku, pamoja na ya usiku. Jozi 10 zinakupa nafasi ya kufua kila siku bila presha. Pedi ikigandia kwenye chuchu, usiivute kavu. Ilowanishe kwa maji safi, isubiri, kisha itoe. Kuivuta huchubua ngozi, na mchubuko ndio mlango wa vijidudu.

Ganda la plastiki linalovaliwa ndani ya sidiria kukusanya maziwa halina nafasi kubwa hapa. Linakandamiza na kuvujisha zaidi, na maziwa yaliyokaa humo saa mbili kwenye joto la mwili hayafai kumpa mtoto, ni ya kumwaga. Ukitaka kuyaokoa ya upande wa pili, weka kikombe kilichochemshwa chini ya ziwa wakati mtoto ananyonya. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 katika chumba kisichozidi nyuzi 25. Mchana wa Tanga wakati wa kaskazi hupita hapo kwa urahisi, kwa hiyo yaingize kwenye friji mara moja, nyuma kabisa, si mlangoni. Humo yanakaa siku 4. Umeme ukikatika muda mrefu na yakapata joto, yamwage, hata kama inauma.

Kufua na kukausha

Suuza kwanza kwa maji baridi. Maji ya moto yakianza, protini ya maziwa inashika kwenye nyuzi na doa la njano halitoki tena. Baada ya hapo sabuni ya kipande au ya unga kidogo, suuza mara mbili. Dawa ya kulainisha nguo usitie: inaacha utando, pedi inanukia vizuri lakini hainyonyi. Dawa ya madoa yenye klorini huua lastiki, kwa hiyo isikaribie sidiria.

Pedi zianike jua kali, zigeuze. Sidiria ianike kivulini penye upepo, ikining'inia kwa katikati, mahali vikombe viwili vinapokutana, si kwa kamba za bega. Kamba ikibeba uzito wa maji huvutika. Usianike chochote chini wala kwenye majani. Inzi wa embe hutaga kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia kwenye ngozi. Pasi ya moto pande zote mbili huua mayai yake, na katika masika, nguo zinapokaa siku mbili kambani bila kukauka, pasi hiyohiyo ndiyo inayomalizia kukausha pedi. Kwenye lastiki usiipitishe. Pedi isiyokauka kabisa usiikunje sandukuni: usiku mmoja inatosha kuota ukungu.

Unapotoka

Baibui jeusi linaficha kila kitu, na deira la maua mengi linakaribia kulifikia. Kinachofichua ni kitambaa chepesi cha rangi moja, hasa kijivu, pinki na kijani cha maji. Kwenye mfuko weka jozi mbili za pedi kavu, kanga moja na kifuko cha kutilia zilizoloa. Kanga ni pazia, ni shuka, na ikibidi ni ya kujitupia kifuani nguo ikishaloa.

Kwa aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na mama anaporudi kazini anastahili hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha wakati wa kazi. Zitumie, tena kwa saa zilezile kila siku. Kukaa toka saa mbili asubuhi hadi saa kumi bila kukamua hupunguza maziwa na kuyavujisha, vyote kwa mpigo.

Vinapoharibika

Uvimbe mgumu upande mmoja, unaouma na kuwa mwekundu, mara nyingi huanzia pale sidiria ilipobana au mtoto alipokosa kunyonya vizuri. Wazee wetu watakwambia ukandwe kwa maji ya moto na lisuguliwe kwa nguvu mpaka "donge livunjike." Wanasema kwa mapenzi, ila hili lipokee kwa adabu na usilifanye. Mwaka 2022 chama cha madaktari wa unyonyeshaji cha kimataifa, Academy of Breastfeeding Medicine, kilibadili mwongozo wake: kusugua kwa nguvu huongeza uvimbe na kuumiza tishu. Badala yake weka kitambaa cha maji baridi, au barafu iliyofungwa kwenye kanga, dakika 10 hadi 20, rudia. Vaa sidiria inayobeba bila kubana. Endelea kunyonyesha kama kawaida, bila kukamua zaidi ili "kulimaliza," kwa sababu kukamua zaidi kunaagiza maziwa zaidi. Parasetamoli inaruhusiwa.

Kama ziwa limejaa mpaka mtoto hawezi kushika, weka vidole kuzunguka mzizi wa chuchu na ukandamize taratibu kuelekea kifuani kwa dakika moja. Uvimbe unarudi nyuma, eneo jeusi linalainika, mtoto anashika. Kulifunga ziwa kwa kitambaa kulikausha, jambo ambalo bado linafanywa, ndiyo njia fupi ya kupata jipu.

Homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, kutetemeka, au uvimbe usiopungua ndani ya saa 24, nenda kituo cha afya au Hospitali ya Bombo. Damu inayotoka kwenye chuchu isiyo na mchubuko nayo ipelekwe. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI akipata mpasuko au uvimbe wa ziwa asisubiri hata siku hiyo moja. Aende kliniki yake huku akiendelea na dawa.

Chuchu zinazowaka moto baada ya kunyonyesha, pamoja na utando mweupe usiofutika mdomoni mwa mtoto, mara nyingi ni fangasi. Mama na mtoto hutibiwa pamoja, la sivyo wanarudishiana. Wakati wa matibabu chemsha pedi zote dakika 20 kila siku, na usivae sidiria ile ile siku mbili.

Ukimwachisha mtoto, matone yanaweza kuendelea kwa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Usiyakamue kuona kama bado yapo, kila ukikamua unayaita. Pedi zilizobaki ni vitambaa vizuri vya kufutia miwani. Sidiria ya fundi iweke na utepe wake wa ndani bila kuufumua. Akija mtoto mwingine, kitakachohitaji kubadilishwa ni lastiki ya mkanda.